Haki ya Mteremko

Neno sawa ni mtumishi wa mabwana wengi katika Kiswahili. Mwashi hulitumia kwa sakafu isiyo na kilima wala bonde. Mwenye duka hulitumia kwa mizani isiyolala upande. Hakimu hulitumia kwa watu wawili waliosimama mbele yake, mmoja tajiri na mmoja fukara. Bahari nayo ina usawa wake, na milima ya Usambara inayotazamwa kutoka Tanga hupimwa urefu kwa huo. Kwa kuwa neno ni moja, imekuwa tabia ya fikra kuamini kuwa mambo nayo ni mamoja: kwamba palipo tambarare ndipo penye haki, na palipo mteremko pana dhuluma. Imani hii imekaa ndani ya lugha kwa muda mrefu hata ni nadra mtu kuidai ushahidi. Upo mchezo mmoja, hata hivyo, ambao huitia katika majaribu kila siku unapochezwa, nao ni gofu.

Gofu huchezwa kwa fimbo na mpira mdogo mgumu. Mpira hupigwa kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie shimoni, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Uwanja kamili una mashimo 18. Shimo lenyewe ni dogo, kwani upana wake ni inchi 4.25, kipimo kilichothibitishwa na watunga kanuni wa Uskoti mwaka 1891. Mahali shimo lilipo pametandikwa zulia la majani mafupi sana, liitwalo grini. Mpira ukifika juu ya grini haurushwi tena; husukumwa kwa upole ukabiringika. Hapo ndipo nguvu za kijana na hekima ya mzee hukaribia kulingana, na hapo ndipo ugomvi wa haki huzaliwa, maana grini nyingi si tambarare. Nyingine zimeinama kama paa la nyumba, nyingine zina vilima na mabonde kama shuka lililokunjwa vibaya.

Mlalamikaji husema hivi. Wachezaji wawili wamepiga mipira yao kwa ustadi ule ule. Mipira imeangukia juu ya grini, na kati yake hapana umbali uzidio shibiri. Mmoja umeshika juu ya kilima ukatulia karibu na shimo. Wa pili umepita ukingo, ukateremka hatua ishirini, ukaishia mchangani. Wa kwanza amepata thawabu, wa pili amepata adhabu, na kati ya matendo yao hapana tofauti iwezayo kuonwa kwa jicho. Malipo yasiyolingana na kazi, asema mlalamikaji, ni dhuluma, hata kama mdhulumu ni udongo.

Mjibu hoja hukumbusha methali: mchagua jembe si mkulima. Husema kuwa kilima ni kile kile kwa wote. Hakumwinamia mmoja kikamsimamia mwingine. Aliyekuja asubuhi alikikuta, na atakayekuja jioni atakikuta. Kama wote wamepewa mtihani mmoja, aliyeanguka hana wa kumshitaki ila mkono wake.

Kila mmoja katika hawa wawili ameshika kipande cha kweli akakidhani kuwa ndiyo kweli nzima. Mlalamikaji ameona kuwa haki hutaka malipo yafanane na tendo. Mjibu hoja ameona kuwa haki hutaka sheria moja kwa watu wote. Mambo haya mawili hupatana mara nyingi, lakini si mara zote, na mteremko wa grini ni mahali mojawapo ambapo hufarakana.

Afrika ya Mashariki iliwahi kuwa na dawa ya ugomvi huu. Katika vilabu vingi, ambako kiangazi hukausha majani na maji ni ghali, mahali pa shimo hapakupandwa majani. Palitandazwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, na kwa sababu ya rangi yake pakaitwa brauni. Brauni ilikuwa bapa. Kabla ya mchezaji kusukuma mpira wake, njia kati ya mpira na shimo iliburutiwa ubao au ufagio, nyayo zikafutika, na mchanga ukalala kama meza. Kila mtu alipewa ardhi yake mpya. Kama usawa na haki vingekuwa kitu kimoja, brauni ingekuwa kilele cha haki, na wachezaji wangeilia ilipoondoka.

Walakini vilabu vilivyopata uwezo wa maji na majani viliiacha brauni, wala wachezaji hawakuilia. Sababu yake inafaa kupimwa. Juu ya mchanga uliosawazishwa mkono ulijaribiwa, lakini akili haikuulizwa neno. Linganisha na bao, mchezo ambao wazee wa pwani huketi nao barazani tangu alasiri hata magharibi. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Halina upepo wala kilima, na mwenye kushindwa hana kisingizio. Lakini katika bao kete zenyewe hujenga vilima na mabonde. Kila mtaji hubadili sura ya ubao, na mchezaji hana budi kusoma mambo ambayo bado hayajatokea. Ubao ni tambarare, mchezo sio. Brauni ilikuwa na utambarare wa bao bila kina chake. Ilifukuza bahati, na katika kuifukuza ilifukuza pia swali ambalo mchezaji mwenye fikra alitaka kuulizwa.

Hapa mtu aweza kusema: basi mteremko ni kama bahari, na anayeulalamikia ni kama mvuvi anayeilalamikia bahari. Mfano huu ni mzuri lakini una kasoro. Mvuvi wa Pangani au wa Tongoni anajua bamvua na maji mafu. Akichelewa, maji yakapwa, chombo chake kikakaa juu ya mwamba, hasemi kuwa amedhulumiwa; husema kuwa amekosea saa. Bahari haina nia, na pasipo nia hapana wa kushitakiwa. Viwanja vya kwanza vya gofu katika pwani ya Uskoti, kama kile cha St Andrews, vilikuwa na tabia hii. Matuta yake yalifanywa na upepo na mchanga kabla ya watu kuja na fimbo zao, nao waliyapokea kama mvuvi anavyoipokea bahari.

Lakini viwanja vingi vya leo hufanywa kwa mashine na ramani. Katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, uko uwanja wa Vipingo uliochorwa na David Jones katika ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, mkonge ule ule uliovisha nchi ya Tanga safu za kijani kwa zaidi ya miaka mia moja. Ardhi iliyolimwa kwa safu imepewa umbo jipya kwa kuchorwa. Mteremko wa grini ya namna hii una mwenyewe. Mtu aliketi na kalamu akaamua kuwa hapa mpira utasimama na pale utakimbia. Ameandika hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo ni halali kumwuliza swali ambalo bahari haiulizwi: kwa nini?

Wachoraji bora wana jibu. Alister MacKenzie alikuwa daktari Mwingereza aliyeacha uganga akashika uchoraji wa viwanja. Mwaka 1920 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, na baadaye, pamoja na mchezaji Bobby Jones, alichora uwanja wa Augusta katika jimbo la Georgia, Marekani, ambako mashindano ya Masters yalianza mwaka 1934. Grini za Augusta zinasifika kwa miinuko yake. Katika uchoraji wa namna hii mteremko hauanzi kufanya kazi mpira ufikapo juu ya grini. Huanza nyuma, mahali mchezaji anaposimama akichagua upande. Aliyekuja kutoka upande mmoja atakuta kilima kinaupokea mpira wake kama kiganja. Aliyekuja kutoka upande wa pili atakuta kilima kile kile kinausukuma mbali. Upande mwema aghalabu ndio wenye hatari njiani, kijito au shimo la mchanga, na aliyekubali hatari mwanzoni hulipwa mwishoni. Hata juu ya grini yenyewe liko somo. Kuuweka mpira juu ya shimo ni rahisi, kuushusha ni kazi, na Waswahili wamekwisha kusema kuwa kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kwa jibu hili lawama ya shibiri moja hupungua nguvu. Ile mipira miwili iliyoangukia karibu pengine ilitoka pande mbili tofauti, ikiwa na mizunguko tofauti, na tofauti ya malipo ilikuwa tofauti ya fikra iliyochelewa kuonekana. Hata ikiwa safari moja bahati imemwonea mmoja, mashimo ni mengi, na mwenye kuchagua vema mara nyingi hulipwa mara nyingi. Mteremko usomekao si dhuluma. Ni swali, na swali gumu linaweza kuwa la haki.

Lakini mambo hayaishii hapo, maana mteremko hauko peke yake. Mwaka 1935, katika uwanja wa Oakmont, Marekani, Edward Stimpson aliuona mpira wa Gene Sarazen, mchezaji mashuhuri wa zama zile, ukisukumwa juu ya grini ukakimbia mpaka ukaingia mchangani. Stimpson alitaka kujua kama grini ilikuwa na kasi kupita kiasi, akabuni ufito wenye mfereji. Mpira huwekwa juu ya ufito, ufito huinuliwa polepole mpaka mpira uteleze, kisha huhesabiwa futi ambazo mpira umebiringika juu ya ardhi iliyo sawa. Chama cha gofu cha Marekani kilipoanza kukitumia chombo hicho katika miaka ya 1970, kilikuta kuwa wastani wa viwanja vilivyopimwa ulikuwa kama futi 6.5. Leo katika mashindano makubwa futi 12 si ajabu.

Maana ya hesabu hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mpira husimama juu ya mteremko kwa sababu msuguano wa majani hushinda mvuto wa ardhi. Majani yakikatwa mafupi zaidi, msuguano hupungua na mvuto hubaki vile vile, mpaka hufika mahali ambapo mpira hauwezi kusimama kabisa. Mteremko uliochorwa kwa majani marefu ya mwaka 1930 ulikuwa swali lenye jibu. Mteremko ule ule chini ya mashine za kisasa waweza kuwa swali lisilo na jibu lolote. Hakuna aliyegusa udongo, wala aliyebadili mstari mmoja wa ramani. Sheria imebaki ile ile na adhabu imeongezeka. Ndivyo dhuluma inavyoweza kuingia katika jambo lililokuwa la haki: mazingira hubadilika chini ya sheria, na walinzi wa sheria huendelea kujisifu kuwa wao hawakubadili kitu.

Mifano iko. Mwaka 1998, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyochezwa katika uwanja wa Olympic Club, San Francisco, shimo la 18 liliwekwa siku moja mahali penye mwinamo. Mpira wa Payne Stewart ulilikosa shimo kwa kidogo, kisha ukaendelea kuteremka pole pole, kiasi cha futi 25, huku mwenyewe akiutazama. Mwisho wa siku nne Stewart alishindwa na Lee Janzen kwa pigo moja.

Mfano wa pili una fundisho zaidi. Mwezi wa Juni mwaka 2004 mashindano yale yale yalichezwa katika uwanja wa Shinnecock Hills, jimbo la New York. Siku ya mwisho grini ya shimo la 7 ilikuwa imekauka na kuwa ngumu. Wachezaji waliotangulia walipiga vema, na mipira yao ikakataa kusimama. Wasimamizi wakaamua kuimwagia maji grini ile katikati ya mashindano. Hakuna aliyemaliza siku ile chini ya kiwango cha uwanja. Retief Goosen wa Afrika ya Kusini, aliyeshinda, alimaliza kwa pigo moja juu ya kiwango.

Wasimamizi wale walikuwa katika njia panda ambayo kila hakimu huiogopa. Wakiacha kumwaga maji, wote wangeteseka sawa, na usawa ungehifadhiwa. Wakimwaga, waliotangulia wangekuwa wamecheza uwanja mmoja na waliofuata uwanja mwingine. Mpenzi wa usawa atasema kuwa walikosa, maana walivunja sheria moja kwa watu wote. Lakini usawa wa kuonewa si haki. Ni uonevu uliogawanywa vizuri. Kuendelea kumwumiza wa kumi kwa sababu wa kwanza aliumia ni kulipenda umbo la haki kuliko haki yenyewe. Hata hivyo, maji hayakumrudishia aliyetangulia mapigo yake. Deni lake lilibaki, na kosa lililolizaa lilikuwa la kabla ya hapo, pale ardhi ilipoachwa ikauke mpaka ikawa haijibiki. Aliyeacha jambo lifike mahali ambapo kila dawa ina sumu hawezi kujitetea kwa ugumu wa kuchagua dawa.

Kutokana na haya yaweza kutajwa masharti matatu ya mteremko wa haki. Kwanza, usomeke: mwenye macho na subira aweze kujua, kabla ya kupiga, ardhi itafanya nini na mpira wake. Pili, uwe na jibu: liwepo pigo moja angalau, japo gumu, ambalo likipigwa sawasawa litalipwa. Tatu, usigeuzwe baada ya watu kuanza kuhukumiwa nao, isipokuwa kwa kuondoa dhuluma iliyo wazi. Mteremko wenye sifa hizi waweza kuwa mkali kama paa la msonge, na hautakuwa na lawama. Usio nazo ni dhuluma hata ukiwa mwinamo wa kidole kimoja.

Masharti hayo yanauhusu udongo. Liko la nne linalowahusu watu, nalo ni zito zaidi. Katika Tanganyika ya kabla ya uhuru wa mwaka 1961, vilabu vya gofu vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia uwanjani kwa kubeba mkoba wa fimbo, na akaitwa kedi. Huyu ndiye aliyeburuta ubao juu ya brauni ili njia ya mwingine iwe sawa. Huyu ndiye aliyejua kila kilima kwa nyayo zake, na aghalabu alimnong'oneza bwana wake mpira utapinda wapi. Grini ilikuwa ile ile kwa wote walioruhusiwa kucheza, na msomaji bora wa mteremko alisimama kando ameshika bendera. Ubishi wote wa shibiri na futi huwa mdogo mbele ya jambo hili. Kabla ya kuuliza kama ardhi ni ya haki kwa wachezaji, yafaa iulizwe ni nani waliozuiwa kuwa wachezaji.

Gofu yenyewe ina kanuni inayokiri kuwa watu hawafiki uwanjani wakiwa sawa. Mchezaji dhaifu hupewa mapigo ya kupunguziwa katika hesabu yake, yaitwayo hendikapu, ili aweze kushindana na hodari bila aibu. Kilima hakipunguzwi kwa ajili yake, wala shimo halipanuliwi. Ugumu huachwa ulivyo, na tofauti ya watu huandikwa waziwazi katika daftari. Kuna unyofu katika kanuni hii ambao taasisi nyingi kubwa kuliko gofu hazijaufikia.

Tuseme mfano wa mtihani, jambo lililo karibu na wasomaji wa insha kama hizi. Karatasi moja ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa mwaka 1973, hufunguliwa saa moja na siku moja mbele ya mtoto wa Tanga mjini na mbele ya mtoto wa kijiji cha Kilindi au Mkinga. Ni mteremko mmoja kwa wote. Atakayeridhika na usawa huo atasema kuwa haki imetimia. Lakini mtoto aliyesoma somo la kemia bila kuiona maabara hakukaribia kilima kutoka upande ule ule. Kwake swali laweza kuwa lisilosomeka, wala si kwa uvivu wake. Kuifanya karatasi iwe nyepesi kwa wote ni kurudi kwenye brauni: mkono utajaribiwa na akili haitaulizwa. Kumwambia mtoto kuwa mchagua jembe si mkulima ni kumdhihaki, maana yeye hakuchagua jembe, hakupewa. Lililo haki ni kuuacha mteremko na kuitengeneza njia ya kuuendea, yaani kitabu, mwalimu na maabara, na wakati njia hiyo bado haijafika, kuandika tofauti hiyo waziwazi katika hesabu ya kumpima.

Hivyo sawa na haki, ingawa lugha imezilaza kitanda kimoja, si mapacha. Usawa huuangalia udongo. Haki humwangalia mtu, mahali alipotokea, alichoweza kukijua, na kama kulikuwa na pigo lolote ambalo lingemwokoa. Mchora uwanja, mtunga mtihani na mtunga sheria wana ruhusa ya kujenga vilima, na vilima virefu vimewakuza watu wengi. Lakini kila aliyeinua kilima ana wajibu wa kukipanda kwanza yeye mwenyewe, kutoka kila upande ambao wengine watakuja nao, na kuona kama kinapandika.